Kuhuisha kadi ya bima ya afya bila kutapeliwa

Kadi ya bima ya afya mara nyingi hulipiwa kwa mwaka, na muda ukiisha inatakiwa kuhuishwa. Matapeli wanalijua hilo. Hupiga simu au kutuma ujumbe wakijifanya maofisa wa NHIF au CHF, na kuomba fedha za kuhuisha kadi. Hasara yake ni mbili: fedha inapotea, na kadi inabaki imeisha. Mara nyingi mama hugundua akiwa dirishani hospitalini na mtoto ana homa.

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, taarifa za bima zimekuwa nyingi na si kila mtu anajua utaratibu uliopo. Tapeli hutumia nafasi hiyo.

Dalili za tapeli

- Anakuharakisha: "Lipa leo kabla ya saa kumi, la sivyo watoto wanaondolewa."
- Anataka utume fedha kwenye namba ya simu ya mtu. Ni ndugu wa ile "ile hela tuma kwenye namba hii".
- Anaomba namba ya siri, au namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako.
- Anaahidi punguzo, au kadi ya "mradi mpya" ambayo zahanati yako haijaisikia.
- Anakuambia usimwulize mtu mwingine.

Kulijua jina lako au la mtoto hakumfanyi kuwa ofisa.

Njia iliyo salama

1. Kata simu. Usibishane naye.
2. Nenda mwenyewe kuuliza: ofisi ya NHIF, au dirisha la bima kwenye kituo unachotibiwa. Kwa CHF, muulize mtendaji wa kijiji au mtaa afisa mwandikishaji ni nani. Ukiwa Ukerewe, Kome au kambi ya dagaa na ofisi iko ng'ambo ya maji, anzia zahanati iliyo karibu.
3. Omba namba ya malipo ya serikali (control number). Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Ipate ofisini au kwa mwandikishaji anayetambulika, si kwa aliyekupigia.
4. Lipa kupitia menyu ya malipo ya serikali kwenye simu, kwa wakala au benki. Ukiona jina la mtu binafsi, sitisha hapo hapo.
5. Tunza ujumbe wa malipo. Baadaye uliza kituoni kama kadi inasoma. Usisubiri ugonjwa ndipo ujue.

Kiwango cha kulipa pia kiulize kituoni. CHF iliyoboreshwa ilijulikana kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, lakini viwango hubadilika.

Kadi ya kliniki haihuishwi

Kadi ya mjamzito na kadi ya mtoto ya chanjo na uzito hazina ada ya mwaka. Chanjo za kawaida za watoto ni bure. Anayekudai fedha za "kuhuisha kadi ya kliniki" anakudanganya. Mweleze muuguzi wa kliniki ili awatahadharishe na wenzako.

Kama umeshatuma fedha

- Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, mara moja, uombe muamala uzuiwe. Fedha ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu.
- Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe.
- Tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo kuingiza namba ya tapeli.
- Piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.
- Toa taarifa polisi. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu, ni ushahidi.

Usione aibu kusema. Jirani akijua mapema, naye atapona.

Mtoto akiugua na kadi imeisha

Mpeleke. Kwa sera ya afya, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 wana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali. Kwa mtoto mkubwa zaidi, kama huna uwezo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Homa kali, degedege, kupumua kwa shida au kushindwa kunyonya havingoji kadi.