Mbolea ya kupandia: vocha, ruzuku na mvua ya Novemba

Ndugu mkulima, wazee wetu walitumia mbolea ya kiwanda cha Tanga, kilichoanza 1972, kwa bei moja nchi nzima. Miaka ya 1990 ruzuku ikaondolewa. Vocha zikaja 2008. Agosti 8, 2022, Nane Nane Mbeya, ikazinduliwa ruzuku ya sasa: DAP iliyopita shilingi 130,000 kwa mfuko ikashuka hadi 70,000.

Bei ilishuka, kuchelewa kukabaki. Kila msimu nakuta mtu anarushia DAP mahindi yaliyofika magotini. Hasara hiyo! Fosforasi haitembei, inatakiwa shimoni, chini ya mbegu, udongo kidogo katikati. Hakiki namba yako mapema, chukua DAP Oktoba hata kwa kuuza debe mbili tatu. Urea ndiyo ya magotini, ardhi ikiwa na unyevu.

Nawe mwenye duka, tangulia kuleta DAP.