Ngoma iliyopandishwa kizimbani

Makumbusho ya Wasami pale Karasjok, kaskazini kabisa mwa Norway, ni madogo. Mimi nilienda kwa ajili ya kitu kimoja tu: ngoma ya Anders Poulsen.

Huyu alikuwa mganga wa Kisami. Ngoma yake ni ya mbao, imewambwa ngozi, na juu yake kuna safu za picha ndogo nyekundu. Ukiipiga, pete inarukaruka juu ya picha, na mganga anasoma inakoelekea.

Mwisho wa mwaka 1691 wakamnyang'anya. Februari 1692 akashtakiwa uchawi mjini Vadsø, mzee wa karibu miaka 100. Mahakama ikamtaka aeleze picha moja baada ya nyingine. Akaeleza, na ngoma akaipiga mbele yao.

Hapo ndipo naona utata. Mengi tunayoyajua kuhusu picha hizo yameandikwa na haohao waliokuwa wanamshtaki. Nyingine alisema ni Mungu, Yesu, Mariamu. Je, mtu anayetetea roho yake anasema yote? Wapo wasomi wanaodhani aliwaambia waliyotaka kuyasikia. Inawezekana. Lakini Wasami walikuwa wameshaishi na kanisa kwa muda, na mimi sioni kwa nini mzee asiwe na Yesu na miungu ya kwao kwenye ngozi moja. Kwani bibi zetu hawachanganyi?

Hukumu hakuisikia. Kabla kesi haijaamuliwa, mtu mmoja alimuua kwa shoka akiwa usingizini.

Ngoma ikapelekwa Copenhagen, maana Norway wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Mwaka 1979 ikarudi Karasjok, lakini kwa mkopo. Yaani unaazimwa kitu cha babu yako! Mkopo ulipokaribia kuisha, Aili Keskitalo, aliyekuwa rais wa Bunge la Wasami Norway, akamwandikia barua Malkia Margrethe. Mwaka 2022 ikawa mali yao rasmi, miaka zaidi ya 330 baada ya kunyang'anywa.

Na sisi tunaoishi Uingereza tuna ya kufuatilia hapahapa London. Ngadji, ngoma kubwa ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1900, ikaingizwa British Museum. Haikuwekwa ukumbini watu waione. Iliwekwa stoo.