Sifa na Lawama za Gitaa la Solo, 1960–1964

Kabla ya mwaka 1960, chombo kilichopewa nafasi ya kusema peke yake katikati ya wimbo wa roki aghalabu kilikuwa saksafoni. Mwimbaji aliponyamaza ili avute pumzi, mpuliza saksafoni aliingia, akajaza pengo, kisha akamrudishia mwenyewe wimbo wake. Gitaa halikukosa heshima hiyo kabisa, maana Chuck Berry alikuwa amekwisha kulipa mamlaka makubwa katika santuri zake tangu mwaka 1955. Walakini ilikuwa baina ya mwaka 1960 na mwaka 1964 ndipo gitaa la umeme lilipokikalia kiti hicho, na saksafoni ikasogea pembeni. Muda liliopewa ulikuwa mfupi, pengine nusu dakika au pungufu. Katika nusu dakika hiyo mpigaji alipata sifa au lawama iliyodumu kwa miaka sitini, na mara nyingi jina lake halikuandikwa hata juu ya santuri.

Sifa haikugawanywa kwa ustadi peke yake. Wimbo uitwao Apache, uliotungwa na Mwingereza Jerry Lordan, hauna maneno. Gitaa ndilo mwimbaji. Bert Weedon aliurekodi kwanza, na mtunzi hakuridhika. Mwaka 1960 kundi la The Shadows likaurekodi tena, Hank Marvin akiwa mpigaji wa solo, nao ukakaa katika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma matano. Noti zilikuwa zile zile. Tofauti ilikuwa katika sauti: Marvin alikuwa na gitaa la Fender lililoagizwa kutoka Marekani na mtambo wa mwangwi ulioifanya kila noti ifuatwe na kivuli chake, tena hakuzikimbiza noti, aliziacha zilie mpaka zikome zenyewe. Weedon hakuwa mpigaji mbaya hata kidogo. Kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1957 ndicho kilichowafundisha vijana wengi wa Uingereza kushika gitaa, George Harrison miongoni mwao. Mwalimu alishindwa kwa wimbo alioutangulia kuupiga.

Huko Marekani, kipande kinachotajwa mara kwa mara na wapenzi wa solo safi ni kile cha James Burton katika Hello Mary Lou, santuri ya Ricky Nelson ya mwaka 1961. Burton alikuwa na umri wa miaka 21. Alishika kipande cha kupigia baina ya kidole gumba na cha shahada, na kidole cha kati akakivika ukucha wa bandia, hivyo akaweza kudonoa nyuzi mbili kwa njia mbili. Solo yake huruka kama mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe, wala hakuna jiwe analolikosa. Ni vigumu kupata kasoro ndani yake, na haielekei kwamba itapatikana.

Dick Dale alipita njia nyingine. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Richard Monsour, na baba yake alikuwa wa asili ya Lebanoni. Udi na ngoma za Kiarabu alizijua kwa mjomba wake. Mwaka 1962 aliuchukua wimbo wa kale wa mashariki ya Mediterania, Misirlou, ambao jina lake latokana na neno la Kituruki lenye maana ya mtu wa Misri, akaupiga kwa kasi kubwa juu ya uzi mmoja. Msikilizaji wa Unguja aliyezoea udi wa taarabu angeutambua mtetemo huo kabla ya kuulizwa. Dale alitaka sauti kubwa kuliko vyombo vilivyokuwapo, hata Leo Fender akalazimika kumtengenezea vikuza sauti vyenye nguvu zaidi.

Lakini sauti iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote ilianza kwa ajali. Katika studio moja ya Nashville, Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo wa upole, Don't Worry, uliotoka mwaka 1961. Ilipofika zamu ya Grady Martin na gitaa lake la besi la nyuzi sita, mtambo wa kurekodia ukaharibika, na sauti ikatoka imechanika, ikinguruma kama nyuki ndani ya mtungi. Santuri ikaachwa hivyo hivyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuutupa ubovu huo. Aliuchunguza, akabuni kifaa cha kuuleta kwa kukanyaga, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza. Wanunuzi walikuwa haba mpaka mwaka 1965, Keith Richards alipokitumia katika Satisfaction.

Kama ubovu wa mtambo uliweza kuwa mali, je, ubovu wa mikono? Hapo ndipo penye Louie Louie, wimbo wa Richard Berry uliorekodiwa na vijana wa Portland walioitwa The Kingsmen mwezi wa Aprili 1963. Kwa kipimo cha fundi, solo ya Mike Mitchell ni dhaifu: noti chache, zimekwaruzwa, zarudi palepale. Ilipokwisha, mwimbaji Jack Ely aliingia kabla ya wakati wake, akagundua, akanyamaza. Mpiga ngoma akaliziba pengo kwa kishindo, na kosa likauzwa pamoja na santuri. Santuri ilifika nafasi ya pili Marekani. FBI iliichunguza ikidhaniwa kuwa na maneno machafu, na jibu lililopatikana ni kwamba maneno hayasikiki. Waliolaumu solo hiyo hawakukosea, ila walisahau kwamba kijana mwenye gitaa la bei nafuu aliweza kujifunza kuipiga kwa jioni moja.

Usafi nao una hila zake. Mwezi wa Aprili 1964, solo ya A Hard Day's Night ilirekodiwa kwa utepe uliopunguzwa mwendo nusu, Harrison akipiga gitaa la nyuzi kumi na mbili na George Martin akimfuata kwa piano. Utepe uliporudishwa kwenye mwendo wake, vidole vikaonekana vyepesi kupita vya binadamu. Miezi mitatu baadaye, katika mji huo huo wa London, Dave Davies wa kundi la The Kinks alirekodi You Really Got Me kwa kikuza sauti kidogo ambacho spika yake alikuwa ameichana kwa wembe. Solo yake hujikwaa, hukimbilia mbele, karibu ianguke. Wengine walidai kwamba kijana wa miaka 17 hangeweza kuipiga, bila shaka ilikuwa kazi ya Jimmy Page, mpigaji wa kukodiwa. Page alikana, na Shel Talmy aliyeisimamia santuri hiyo alikana vilevile, lakini uvumi uliendelea kwa miaka mingi.