Chuma Kilichoondoka na Mifugo: Upungufu wa Damu kwa Wanawake wa Turkana

Mjamzito ambaye hemoglobini yake haifiki gramu 11 kwa desilita huandikiwa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu na kushauriwa ale mboga za majani. Ushauri huo unamfaa mkulima wa nyanda zenye mvua. Kwa mwanamke wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, hautoshi, kwa kuwa chuma chake tangu jadi kilitoka zizini.

Wafugaji wa huku hutoboa mshipa wa shingo wa mnyama aliye hai, wakakinga damu na kuichanganya na maziwa. Maziwa peke yake yana chuma kidogo mno. Damu na nyama ndizo zilizokileta, tena katika hali ambayo mwili hukifyonza kwa urahisi kuliko kile cha nafaka. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo iliteketea. Familia iliyobaki bila mbuzi ikahamia pembezoni mwa mji wa Lodwar hutegemea ugali na chai, na chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia hata kile chuma kidogo kisifyonzwe. Tangu 2012 sheria ya Kenya inadai unga wa viwandani wa mahindi na ngano uongezwe chuma. Unga wa kinu cha mtaani, ambao maskini hununua kwa kipimo, kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Wanaoihitaji zaidi ndio wanaoikosa.

Je, tuwape virutubisho moja kwa moja? Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, humu humu Turkana, ilijaribu. Mwaka 2009 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawia wakimbizi vipakiti vya unga wa virutubisho vya kunyunyiza kwenye chakula. Haukupita muda, waliokwenda kuvichukua wakapungua sana. Watafiti waliochunguza walikuta kwamba watu hawakuwa wameelezwa vya kutosha kabla ya ugawaji kuanza. Naona hilo kuwa funzo zito kuliko takwimu yoyote ya maabara: mtu aliyekimbia vita, anayeishi kwa mgao ambao hakuuchagua, ana haki ya kuuliza anatiliwa nini kwenye sufuria.

Kuna pia hofu kwamba chuma huweza kuzidisha malaria. Utafiti wa kisiwani Pemba uliochapishwa 2006 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa hospitalini na kufariki zaidi kuliko wenzao. Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini isiwanyime mama zao chuma. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya kwa wajawazito 470, yakachapishwa 2015, hayakuona ongezeko kubwa la malaria kwa waliopewa chuma, na watoto wao walizaliwa wakiwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Vidonge na chandarua viende pamoja, tena vimfikie msichana kabla ya ujauzito, kupitia wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozunguka manyatta. Kumngoja kliniki ni kuchelewa.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hufuatilia kila mwezi hali ya mifugo, bei za mbuzi na mizingo ya mikono ya watoto. Iongeze kwenye orodha hiyo kipimo cha hemoglobini ya wanawake. Tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa dakika chache, na jibu hilo lingeiwezesha kaunti kupeleka vidonge na nyama wakati uleule inapopeleka maji.