Pipa la Boutan na Mpira wa Nikonos

Louis Boutan alipotaka mwanga chini ya bahari, alizamisha pipa. Lilikuwa la lita 200, limejazwa oksijeni, na juu yake paliwekwa taa ya spiriti iliyofunikwa kwa kioo. Puto la mpira lilibinywa, unga wa magnesiamu ukapulizwa kwenye mwali, na kwa nukta moja sakafu ya bahari iling'aa kama mchana. Pipa lenye hewa huelea, kwa hiyo lilifungiwa vyuma vizito vya kulivuta chini. Kazi yote hiyo ilikuwa ya picha moja.

Hayo yalifanyika miaka ya 1890 huko Banyuls-sur-Mer, mji mdogo wa Ufaransa kando ya Mediterania, karibu na mpaka wa Hispania. Boutan alikuwa mwanabiolojia katika maabara ya Arago mjini hapo. Alizamia kwa vazi zito lenye kofia ya chuma, akaona mambo ambayo wenzake wa nchi kavu wasingeweza kuyaona, na mwaka 1893 akaanza kushuka na kamera.

Alikuwa ametanguliwa. Mwaka 1856 mwanasheria wa Kiingereza aitwaye William Thompson aliweka kamera ndani ya sanduku, akaliteremsha kutoka kwenye mashua katika ghuba ya Weymouth, akafungua lenzi kwa kuvuta kamba, kisha akasubiri. Maji yaliingia sandukuni. Picha hafifu ya mawe na mwani ilisalimika, lakini Thompson hakuendelea na jambo hilo.

Kasha la Boutan lilibuniwa na ndugu yake Auguste, ambaye alikuwa mhandisi, na ubunifu wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Kila mita 10 mtu anazoshuka, maji humwongezea uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Sanduku lililofungwa juu ya maji hubaki na hewa ya juu ndani yake, huku nje likikandamizwa pande zote, na penye ufa mdogo tu maji hupenya. Auguste aliunganisha kasha na mfuko wa mpira uliojaa hewa. Kadiri kamera ilivyoshuka, bahari iliukamua mfuko na kuisukuma hewa ndani ya kasha, hata nguvu ya ndani ikalingana na ya nje. Maji hayakuwa tena na sababu ya kuingia.

Tatizo la maji likapungua, la mwanga likabaki. Kwa mwanga wa jua peke yake, picha nyingine zilihitaji lenzi iachwe wazi hadi dakika 30. Mwani ulioyumba ulitoka kama moshi, na samaki aliyepita hakuacha hata kivuli. Ndiyo maana pipa likazamishwa. Kufikia mwaka 1899 Boutan alikuwa ameshahamia kwenye taa za umeme, akateremsha kamera hadi mita 50 na kuifyatua kwa sumaku ya umeme akiwa juu mashuani. Mwaka huohuo alimpiga picha mwenzake, Emil Racoviță wa Romania, akiwa amevaa vazi la mzamiaji chini ya maji. Mwaka 1900 akachapisha kitabu kuhusu kazi hiyo, na mengi yaliyokuja baadaye yamo ndani yake kwa mbegu: kasha, taa, na ufundi wa kukisia.

Rangi ilikawia. Maji huimeza nyekundu kwanza, ndani ya mita chache tu za juu, kisha machungwa, kisha njano, hadi kila kitu kinakuwa buluu. Mzamiaji akijikata kwenye mwamba mita 20 chini, damu yake huiona karibu nyeusi. Mwaka 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas huko Florida, mwanasayansi William Longley na mpiga picha Charles Martin wa National Geographic walitumia mabamba ya rangi yaliyohitaji mwanga mwingi mno. Walipakia unga wa magnesiamu kwenye chelezo kilichoelea juu ya maji, wakakiunganisha na kamera iliyokuwa chini, na kila picha ikaambatana na mlipuko. Safari moja unga uliwaka kabla ya wakati na kumuunguza Longley vibaya. Picha zao za samaki wa matumbawe zilichapishwa Januari 1927, na zinahesabiwa kuwa za kwanza za rangi kutoka chini ya bahari.

Kisha mzamiaji akaachiliwa huru. Hans Hass, kijana wa Vienna, alikwenda Karibea mwishoni mwa miaka ya 1930 akiwa na kamera ndani ya kasha alilojitengenezea, akapiga mbizi kwa pumzi yake mwenyewe. Mwaka 1943 Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikamilisha kifaa cha kupumulia hewa ya silinda, na kamba ya kumfunga mzamiaji kwenye mashua ikawa haina kazi. Harold Edgerton, profesa wa Marekani aliyeijenga flashi ya umeme, alijiunga na safari za Cousteau kuanzia mwaka 1953. Mabaharia wa Calypso, meli ya Cousteau, wakambandika jina la Papa Flash. Mwaka 1956 kamera na taa zake ziliteremshwa kwenye korongo la Romanche katika Atlantiki, zaidi ya mita 7,000 chini.

Lakini mzamiaji wa kawaida hakuwa na meli wala profesa. Alihitaji kitu cha kuning'iniza shingoni. Cousteau alilipeleka hitaji hilo kwa Jean de Wouters, mhandisi wa Ubelgiji, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kamera ya Calypso ikatoka Ufaransa. Kampuni ya Nikon ilichukua haki ya kuitengeneza, na mwaka 1963 ikaiuza kwa jina la Nikonos.

Kamera hiyo haikuwekwa ndani ya kasha. Mwili wake wenyewe ndio uliokuwa kasha. Mitambo yote iliteremka ndani ya ganda la chuma jepesi kama droo inavyoingia mezani, kisha lenzi ikachomekwa mbele na kuvifunga viwili hivyo pamoja. Kwenye kila kiungo palikuwa na oringi, ule mpira mwembamba wa duara ambao kila fundi wa injini anaujua, umepakwa grisi kidogo. Maji yalivyozidi kusukuma ndivyo oringi ilivyozidi kubanwa kwenye mfereji wake. Nguvu iliyomshinda Thompson sasa ikawa ndiyo inayofunga mlango, hadi mita 50 chini. Ili kubadili filamu, mpiga picha alichomoa lenzi, kisha akazibonyeza pete mbili za mkanda wa shingoni ili mitambo ipande kutoka kwenye ganda. Kifyatulio kilikuwa kimoja: kikibonyezwa kinapiga picha, kikibonyezwa tena kinasogeza filamu.

Haikuwa kamera rahisi. Mpiga picha hakuona kupitia lenzi, hivyo umbali aliukadiria kwa macho, na chini ya maji macho hudanganya: kitu kilicho umbali wa mita 1 huonekana kama kiko sentimita 75. Kwa viumbe wadogo, fremu ya waya ilifungwa mbele ya lenzi, na konokono akiingia ndani ya fremu picha hutoka kali. Filamu ilikuwa na nafasi 36. Zikiisha, hata nyangumi akipita, kamera ilikuwa haina kazi hadi mashuani.

Hata hivyo Nikonos ilitawala kwa karibu miaka 40. Wapiga picha wa vita waliichukua hadi Vietnam kwa sababu mvua na matope havikuisumbua. Nguvu yake kubwa zaidi ilikuwa kwenye lenzi pana zilizochongwa kwa ajili ya maji peke yake, ya milimita 28 na baadaye ya milimita 15. Lenzi pana humruhusu mpiga picha amsogelee samaki na bado amwone mzima. Wenye kutumia kamera za kawaida ndani ya makasha walipata faida kama hiyo kwa kioo cha kuba badala ya kioo bapa, maana kioo bapa chini ya maji huibana picha.

Hatua moja ya historia hii inawagusa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki. Wavuvi wa Komoro walimjua gombessa, samaki wa kale aliyedhaniwa na wanasayansi kuwa ametoweka tangu zama za dinosaria, kwa kumvua kwa mishipi usiku. Dunia ilimwona akiwa mfu au anakata roho. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walishuka na nyambizi ndogo iitwayo Geo pembeni mwa kisiwa cha Ngazidja, wakampiga picha akiwa hai kwao, karibu mita 200 chini, akiyachezesha mapezi yake kwa zamu kama mnyama anayetembea. Mwaka 2013 Mfaransa Laurent Ballesta aliwapiga picha gombessa wa Sodwana Bay, Afrika Kusini, akiwa mzamiaji nje ya nyambizi, zaidi ya mita 100 chini. Mradi wake aliupa jina hilo la Kikomoro.

Nikonos ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2001. Kamera za dijitali ziliondoa kikomo cha picha 36, na leo hata simu ina kasha lake la kuzamia. Bahari haikubadilika. Bado inakandamiza, bado inameza nyekundu, na chembe zinazoelea bado hung'aa kama theluji flashi ikimulika kutoka kandokando ya lenzi. Ndiyo sababu taa hufungwa kwenye mikono mirefu, mbali na kamera.

Kwa hiyo anayejiandaa kuzamia Mafia, Pemba au Watamu msimu wa kaskazi, maji yakiwa maangavu, na ana fedha ya kitu kimoja tu cha kuongeza, anunue taa kabla ya kubadili kamera. Asogee karibu na kiumbe kadiri kiumbe kinavyomruhusu bila kugusa matumbawe. Aitoe oringi, aifute, aitazame kwenye mwanga: unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuizamisha kamera nzima. Kasha alizamishe tupu kwanza, na akitoka baharini alioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifungua.