Bendera Zinazosema na Waendesha Motokari

Sisi tukaao Mahagi-Port twajua kwamba mtu aliye mbali ziwani hasikii sauti ya aliye ufukoni. Mwenye haja naye humpungia kitambaa. Ndivyo ilivyo katika mashindano ya motokari: injini zanguruma, mwendo ni wa kasi mno, wala dereva hawezi kusimama na kuuliza habari. Kwa hiyo ilitungwa lugha ya bendera.

Ya kijani yasema: njia ni salama. Ya manjano: kuna hatari mbele, punguza mwendo, usimpite mwenzako. Ya buluu: nyuma yako yuko mwenye kasi zaidi, mpishe. Yenye milia ya manjano na nyekundu: njia yateleza. Nyeusi, pamoja na namba ya gari: wewe, toka njiani urudi kwa wasimamizi. Nyekundu: mashindano yamesimamishwa. Na ile ya miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa dama, ndiyo ya mwisho wa mbio.

Hiyo ya miraba ilionekana Marekani mwaka 1906, katika safari ndefu ya motokari iitwayo Glidden Tour. Huko ilionyesha vituo ambapo saa za kila gari zilikaguliwa.

Lakini bendera peke yake haiokoi mtu. Tarehe 29 Julai 1973, huko Zandvoort katika Uholanzi, gari la Mwingereza Roger Williamson lilipinduka na kuwaka moto, naye amenaswa ndani. Mwenzake David Purley alisimamisha gari lake, akakimbia, akajaribu peke yake kuliinua lile gari. Hakuweza. Bendera za manjano zilipungwa, lakini nyekundu haikutolewa, na mbio zikaendelea. Madereva waliopita walimwona Purley, wakadhani ndiye mwenye gari linaloungua, na kwamba amekwisha kuokoka. Basi Williamson akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 25 tu.

Sasa tutazame kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953 ilianza Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mkubwa alipunga bendera, gari likaondoka. Baada ya hapo zilibaki barabara za watu wote, zenye vumbi, matope, malori na ng'ombe. Nani angeweza kuweka mshika bendera katika kila kona?

Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kila gari lilichukua kibao chenye pande mbili. Gari likipata ajali na watu wakiwa wazima, huwaonyesha wanaokuja nyuma upande ulioandikwa OK. Mtu akiumia, huonyesha SOS kwa rangi nyekundu. Hapo sheria ni kali: dereva wa kwanza anayeiona SOS lazima asimame asaidie, hata kama alikuwa anaongoza.

Ndugu msomaji, Zandvoort watu wengi waliona ishara, wala hawakujua maana yake kwa yule aliyekuwa motoni. Ishara njema ni ile isemayo kweli, naye aionaye akaitii upesi. Yule aliyenaswa hana sauti nyingine.