Mama si Mkosaji

Hapa Babati mtoto wa miaka minne asiyesema, asiyemtazama mtu machoni, hutafutiwa mkosaji, na mara nyingi mkosaji huyo ni mama. Mtaani nasikia: amemdekeza, au amerithi laana ya kwao. Tusidhani ni ujinga wa kwetu tu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali tunayoiita leo usonji. Baadaye wasomi wakubwa wakadai inatokana na mama asiye na upendo! Akina mama wakaubeba mzigo huo miaka mingi.

Aliyewapinga ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto wa namna hiyo. Kitabu chake cha 1964 kilieleza kuwa chanzo kimo katika ubongo. Mwaka 1972, huko North Carolina, Eric Schopler akaanzisha mpango wa kumfanya mzazi awe mwalimu sawa na mtaalamu. Kazi za siku hupangwa kwa picha: kunawa, uji, kucheza, kulala. Karatasi na penseli vyatosha.

Walimu wa elimu maalumu hufundishwa Patandi, Arusha, si mbali nasi. Lakini hata mwalimu huyo akifika, mama ndiye atakayemweleza kwa nini mtoto huziba masikio kengele ikilia.